Chura na Ndege kwenye Mgongo wa Baba

Niliusikia kabla sijafungua macho: wimbo uliopanda polepole, ukasita juu kabisa, kisha ukashuka kwa haraka kama maji yanayomwagwa kutoka kwenye sufuria. Ulitoka nyuma ya jiko la mama. Nilikuwa nimelala nyumbani, jambo nililolifanya mara chache tangu nipange chumba Kakamega mjini, na kwa muda nilijilaza tu nikisikiliza. Niliwaza kwamba nikiweza kuandika ukurasa mmoja unaopanda na kushuka vile, sitataka kitu kingine. Halafu nikafungua dirisha.

Baba alikuwa amesimama chini ya mparachichi, kikombe cha chai mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja kama afanyavyo anaposikiliza. Ndege alikuwa juu yake, karibu kiasi kwamba baba angeinua mkono angeligusa lile tawi. Kifua chake kidogo kilikuwa kimevimba kwa kuimba.

"Umeamka, mama?" baba akasema aliponiona. Huniita hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yake. "Umeona vile kumenyamaza leo? Hata ndege mmoja hakuna."

Nilicheka, nikidhani ananitania. Ndege akauimba tena wimbo wote, toka chini hadi juu, toka juu hadi chini. Baba akapuliza chai yake, akanywa, akautazama msitu unaoanzia ng'ambo ya shamba letu la mahindi. Alikuwa akingoja.

Hapo nikaacha kucheka. Nilirudi nikakaa kitandani, uso ukinichoma kana kwamba nilikuwa nimemfumania bila nguo.

Baba ni mwelekezi wa wageni katika msitu wa Kakamega. Alianza kazi hiyo kabla sijazaliwa. Watu hudhani mwelekezi wa ndege anahitaji macho makali. Macho hayana kazi kubwa mle ndani. Majani yamefunga, mwanga ni wa kijani kibichi kama ulio ndani ya chupa, na ndege mwenyewe ni mdogo kuliko jani lililomficha. Mwelekezi husikia kwanza. Anataja jina, anamwonyesha mgeni tawi, na ndege anatokea kana kwamba ameitwa. Mgeni hushangilia macho ya mwelekezi, lakini kazi imefanywa na masikio.

Nilipomwambia baba kuhusu ule wimbo wa asubuhi, hakubisha. Alikaa kwenye kiti cha baraza, akajishika magoti.

"Nilifikiri wamehama," alisema.

Kumbe kwa muda mrefu alikuwa akiona msitu unapungukiwa. Mwaka mmoja walipotea wale wadogo wa juu ya miti wenye sauti kama sindano. Uliofuata wakapotea wengine. Alikuwa akiwaeleza wageni kwa huzuni kwamba watu wamekata miti mno na ndege hawana pa kukaa, na wageni walitikisa vichwa wakamwamini. Alikuwa ameomboleza ndege wazima.

Tulikwenda kwa daktari mjini. Daktari alimweleza kwamba masikio yakizeeka hupoteza sauti nyembamba kwanza, halafu zinazofuata, na zile nene ndizo hubaki. Kifaa kingemsaidia katika mazungumzo, ila zile za juu kabisa zilikuwa zimekwenda. Kwa hiyo baba aliendelea kusikia trekta la miwa likipanda kilima, radi, njiwa, mahubiri, na mama.

"Mimi ananisikia," mama alisema. "Akitaka."

Njiani kurudi baba aliniomba jambo moja. "Usiwaambie wale vijana."

Wale vijana ni waelekezi wenzake. Wengi wao aliwafundisha yeye, akiwapitisha msituni mmoja mmoja hadi wakajua. Alitaka kuiacha kazi siku atakayoichagua mwenyewe, akiwa na jina lake, wala si kuachishwa na ndege. Nilimwelewa. Ningekuwa na busara ningemwambia aichague siku hiyo mapema. Badala yake nilitafuta njia ya kumficha, na nikaipata, na nikaipenda njia yenyewe kuliko nilivyofikiria itatufikisha wapi.

Ilianza kwa mzaha jikoni. Nilikuwa najaribu kumwigia baba ndege fulani kwa mluzi, naye hasikii kitu, hadi nikachoka nikamgonga mgongoni kwa kidole: refu, fupi-fupi, refu, kimya, refu. Baba akageuka na uso wake wa zamani.

"Huyo ni mweusi mwenye mkia mrefu! Huwa anakaa karibu na mto."

Nikagonga mwingine. Akamtaja. Nikagonga mwingine tena, akamtaja kabla sijamaliza, akacheka hadi akakohoa. Mama, aliyekuwa akichambua mrenda, alitutazama.

"Sasa mmekuwa nini? Posta ya zamani ya simu za kugonga?"

Basi tukawa hivyo. Kila alipokuwa na wageni nilipanda bodaboda kutoka mjini nikamkuta kwenye lango la msitu. Nilitembea nyuma yake, karibu sana, kama mtu anayeogopa nyoka. Nikisikia ndege, nilimgonga mapigo yake kwenye bega upande wa sauti ilikotoka, kushoto au kulia. Baba alisimama, akainua mkono, akataja jina, na wageni wakainua darubini zao. Mimi nilikuwa na masikio bila majina, yeye alikuwa na majina bila masikio. Nilijiona nimefanya jambo zuri. Usiku nilikuwa nikiliandika katika riwaya yangu, sura baada ya sura, binti anayemsomea baba yake msitu mgongoni.

Vijana walitutania, bila kujua.

"Kuka, siku hizi unatembea na askari?" mmoja wao alimwambia siku moja langoni. Humwita kuka, yaani babu, ingawa si ndugu yao.

"Huyu ni mwandishi. Anaandika kitabu."

"Kitabu cha nini?"

"Chenu. Kwa hiyo muanze kuoga."

Walicheka wote, isipokuwa mwenyekiti wa kikundi cha waelekezi. Huyu ni kijana mpole ambaye baba alimchukua mara tu alipomaliza shule na kumfundisha hadi akawa bora kuliko wote. Alikitazama kidole changu, ambacho kilikuwa bado kimelala begani kwa baba, halafu akatazama kando.

Kuna daraja dogo la mbao ambapo njia inavuka kijito. Hapo baba alikuwa na hotuba yake. Niliijua tangu utotoni, na nikiri kwamba wakati mmoja iliniaibisha, alipoitoa mbele ya darasa letu lililoletwa msituni na mwalimu, wasichana wakinifinya kwa vicheko. Ndiyo hotuba wageni waliyoisubiri. Aliegemea nguzo ya daraja na kuwalinganisha waimbaji wawili wa mahali hapo: chura wa mtini, aliye mdogo kama kifuniko cha soda, na ndege mdogo wa kichakani mwenye kifua cha rangi ya chungwa.

"Wote wawili wanaimba kwa sababu moja," alikuwa akisema. "Wanatafuta mke na wanamwambia jirani asogee. Lakini ndege anafungua mdomo, chura amefunga. Chura anajaza hewa kooni kama mtoto anayepuliza puto, na hewa hiyohiyo anairudisha ndani, hapotezi kitu. Bahili. Na ule wimbo wake amezaliwa nao. Mama yake ametaga mayai kwenye jani juu ya maji akaenda zake, baba yake hamjui, hakuna aliyemwimbia. Mvua ndiyo imemlea. Akikua anafungua koo na wimbo uko pale, kamili, wala haubadiliki mpaka afe. Mnajua watu wa namna hiyo. Wengine wako kwenye kamati."

Wageni walicheka. Baba alingoja wamalize.

"Sasa ndege. Ndege anafundishwa. Yuko kwenye kiota, baba anaimba karibu, na yeye ananyamaza tu akisikiliza. Hata akianza kuimba, anaimba ovyo, kama mlevi anayetafuta tundu la kufuli. Anajaribu, anakosea, anarudia. Halafu siku moja inatoka. Lakini asipomsikia mkubwa wakati ule wa utoto, basi. Ataimba, ndiyo, ila atakuwa anaimba kitu kisicho na kichwa wala miguu, na hakuna wa kumjibu."

Nilisimama nyuma yake kila mara nikiisikiliza, na kila mara niliangalia maji.

Kwa sababu mimi alinipeleka msituni. Nilipokuwa mdogo alinibeba mabegani katika njia ileile, alfajiri, na kuninong'oneza majina. Nilipokua kidogo akaniamsha, nikaamka nikinuna. Nilipokua zaidi nikasema nina kazi ya shule, na baadaye nikaweka vidude vya simu masikioni, akasimama mlangoni kwa muda, akaondoka peke yake. Niliwaona watu wa vitabu kuwa ndio watu, na baba yangu kuwa mzee anayepigia ndege miluzi. Sasa nilikuwa ninaandika juu ya msitu na kusifiwa mjini kwa kuujua, katika vikao vyetu vya kusomeana, na hakuna aliyewahi kuniuliza jina la ndege.

Siku yenyewe mvua ilikuwa imejikusanya tangu mchana. Mgeni wa baba alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka Nairobi, aliyekuja peke yake na viatu vipya vya gambuti na shauku isiyofichika. Alikuwa amekuja awali na kuondoka bila kumpata yule ndege wa kifua cha chungwa.

"Mzee, nimewaambia hata wajukuu," alisema langoni. "Safari hii usiponipatia huyu ndege, nalala hapa hapa kwa mti."

"Mbega watakutupia maganda," baba akamjibu.

Nyuma yetu, kwa umbali kidogo, alifuata mwenyekiti akiwa na wanafunzi wawili wa chuo kikuu. Tulipofika karibu na daraja msitu ulikuwa umekuwa mweusi, ule weusi wa kabla ya mvua, na ndege wengi walikuwa wamenyamaza. Ndipo nikasikia, kulia, chini karibu na maji: mapigo mafupi yanayokwenda mawilimawili, yakipumzika, yakirudi.

Nilikuwa nimefundishwa mapigo hayo na baba mwenyewe jikoni, yeye akigonga meza. Hivyo ndivyo alivyoniandaa kwa ajili ya mgeni huyu. Niliweka kidole kwenye bega lake la kulia nikagonga: mawili, kimya, mawili, kimya.

Baba alisimama. Akainua mkono.

"Mama," alimwambia mgeni kwa sauti ya chini, "funga macho kwanza. Sikiliza kulia kwako, chini. Huyo ndiye yeye."

Hilo alilifanya daima, kuwafumbisha wageni macho ili wasikie kabla ya kuona. Yule mama alifumba. Uso wake ukalegea. Mdomo ukaanza kutabasamu bila yeye kujua, na chozi likamtoka. Mimi niliendelea kugonga, kwa kuwa sauti iliendelea, na kwa kuwa nilikuwa na furaha.

Mkono wa baba ulianza kuelekea kulia ili kuonyesha. Kisha ukasimama hewani.

Nilifuata alikokuwa akitazama. Kwenye jani pana lililoinama juu ya kijito, mahali palipo wazi kabisa, alikaa chura wa mtini. Alikuwa wa kijani, analowa, mdomo umefungwa. Koo lake lilijaa, likajaa, likapumzika. Likajaa, likajaa, likapumzika. Na kila lilipojaa, kidole changu kiligonga mgongo wa baba. Alikuwa akiliona koo lile kwa macho yake na kulihisi begani kwake kwa wakati mmoja. Sijui ni mara ngapi niligonga kabla ya kuelewa. Nilikiondoa kidole kama mtu aliyegusa jiko.

Baba alishusha mkono. Niliona shingo yake kwa nyuma, pale nywele zake zimebaki nyeupe fupi, na niliona ngozi ikimsisimka.

Mwenyekiti alikuwa ametufikia. Wanafunzi wake walikuwa wakihangaika na makoti ya mvua. Yeye alisimama akisikiliza, akamtazama mgeni aliyefumba macho, akamtazama baba, akanitazama mimi. Alikuwa akijua anachosikia. Mtu yeyote aliyefundishwa na baba angejua. Akainamisha uso akaangalia viatu vyake.

"Naweza kufungua?" mgeni akauliza. "Yuko wapi?"

Baba alivuta pumzi ili aseme. Nilijua atasema nini. Na kabla hajasema, mimi nikasema.

"Ameruka, mama. Ameenda sasa hivi."

Chura, nyuma yangu, akaendelea kuimba. Yule mama akafuta macho, akamshika baba mikono yote miwili.

"Si kitu, Mzee. Hata nisipomwona, nimemsikia. Nimemsikia kabisa."

"Asante, mama," baba akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mvua ikaanza, tukakimbilia langoni.

Jioni ile baba hakugusa obusuma, ule ugali wa mama. Mama alimpashia mboga, akaipasha tena, akaniuliza kwa macho, nami nikatazama sahani. Alipotoka nje kufungia kuku, baba alinigeukia.

"Hukujua?"

"Sikujua, Baba."

"Lakini sauti yenyewe? Acha mapigo. Sauti. Chura anagonga kama mtu anayegongesha mawe mawili. Ndege anapuliza."

"Nilisikia mapigo tu."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Kwa miezi yote ile nilikuwa nimejizoeza kusikiliza kile tu ambacho kidole kinaweza kukibeba. Kidole hakiwezi kubeba wembamba wala unene, wala mdomo uliofunguka na mdomo uliofungwa. Kwangu chura na ndege walikuwa wamekuwa kitu kimoja. Baba aliyewatenganisha maisha yake yote mbele ya wageni, pale pale darajani, aliwachanganya kwa sababu ya mgongo wake, na aliyekuwa akiuandika mgongo huo ni mimi.

"Hakuna aliyegundua," nilisema.

"Mwenyekiti amegundua. Nilimwona anavyoangalia viatu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuangalia viatu, mwelekezi mwenzako akikosea mbele ya mgeni." Akasogeza sahani kando. "Na wewe ukasema ameruka."

Nilimwambia aseme alikuwa na mafua, masikio yameziba.

"Nikisema mafua, nitapona lini?"

Nilimwambia basi apumzike kidogo, aseme anaumwa mgongo, watasahau. Nilizungumza sana. Nina maneno mengi. Hayo ndiyo ninayojivunia. Baba alinitazama midomo, maana sauti yangu ninapoharakisha hupanda, na nikagundua katikati ya sentensi kwamba alikuwa haipati nusu yake. Nikaacha. Mama alirudi, akamwondolea sahani.

Kikundi cha waelekezi hukutana asubuhi ya Jumatatu katika chumba chao kilicho karibu na lango, chenye paa la mabati na mabenchi mawili. Baba alivaa shati la kanisani. Niliketi kwenye kona, kwa vile alisema nije. Vijana walinikaribisha kwa utani wao, mmoja akauliza kama kitabu kimefika kwenye sura yake, kisha wakaona shati la baba wakatulia.

Hakuzunguka. Alisimama, akaeleza yote: mparachichi, daktari, kidole. Alipotaja kidole, macho yao yalihamia kwangu, na niliitazama sakafu ya saruji hadi nikaweza kuichora. Akaeleza kilichotokea darajani.

"Nilimpa mgeni chura nikamwambia ni ndege," alisema. "Nikashukuriwa. Nikanyamaza. Kwa hiyo mimi nimemaliza."

Wote walianza kuongea. Mmoja akasema hakuna haja, kuka atabaki akiwapokea wageni langoni, awape historia. Mwingine akasema hata yeye siku moja alimwonyesha Mzungu jani kavu akalipiga picha. Walicheka kidogo, wakamtazama baba kuona kama anacheka.

"Mzee wangu," mwenyekiti alisema, "yule mama amefurahi. Mwache na furaha yake."

"Furaha yake ni ya chura. Mpigie simu."

"Mzee."

"Mpigie. Weka ile ya wote wasikie."

Mwenyekiti alipiga. Yule mama alipokea akiwa Nairobi, kulikuwa na kelele za magari. Mwenyekiti alimweleza polepole, kwa heshima, huku baba amesimama karibu na simu kichwa kimeinama upande. Halafu yule mama akacheka, kicheko kirefu cha mtu mwema.

"Chura! Na vile nililia! Mwambieni Mzee asijali kabisa. Wangapi huku Nairobi wamewahi kulizwa na chura?" Kicheko kikaisha. "Lakini yule msichana aliyekuwa nyuma yake. Aliniambia ameruka. Yeye alijua?"

Chumba kizima kilisikia. Baba hakusikia, ilikuwa sauti ya mwanamke, nyembamba, kupitia simu. Aliona tu nyuso zetu.

"Amesema nini?"

Mwenyekiti alinitazama, kana kwamba anaomba ruhusa. Sikumpa wala sikumnyima.

"Anauliza kama binti alijua," akasema kwa sauti nene, karibu na sikio la baba.

Baba aliisogelea simu. Alikuwa amesema ukweli wote asubuhi hiyo, bila kuufunika hata kona moja, na nilingoja aseme na huu. Nilitaka auseme.

"Binti hakujua, mama," alisema. "Hakufundishwa. Mimi nilikuwanga na shughuli za wageni, sikuwahi kumpeleka msituni hata siku moja. Hilo ni kosa langu."

Kwenye benchi la mbele walikuwa wameketi waelekezi wawili wa umri wake, waliokuwa wakikutana nasi kwenye njia zile alfajiri, mimi nikiwa mabegani kwake nimeshika masikio yake kama usukani. Hakuna aliyeinua uso. Mmoja alikohoa. Simu ilikuwa ikisema maneno ya upole, asante, Mungu awabariki, karibuni Nairobi, na mwenyekiti akaizima.

Nilifungua mdomo. Niliyatafuta maneno yangu yote, ya mjini na ya nyumbani, na hakuna lililokuja isipokuwa hewa.

Baba alivaa koti lake. Aliwapa mikono mmoja mmoja, akianzia kwa mdogo kabisa, na kila mmoja aliupokea kwa mikono miwili. Nilisimama ili nitoke naye, nyuma yake, pale nilipozoea. Alinionyesha kiganja.

"Kaa," alisema. "Njia naiona."

Nikakaa. Alivuta mlango, akainama kidogo kuukwepa ukingo wa bati, akatoka. Bawaba zilipiga kelele moja ndefu, nyembamba, ya juu sana, kiasi kwamba sisi sote mle ndani tulikunja nyuso. Yeye aliuvuta taratibu kwa nje, kwa uangalifu wa mtu asiyetaka kusumbua wenye kikao, na mlango ukafungwa.